Fremu ya ukutani ya kadi 20 za wanasoka, nyumba ya mawe Lamu

KadiLangoni
Salaam wenzangu. Nataka fremu ya kadi 20 za soka, zote ziko ndani ya toploda (kile kifuko kigumu cha plastiki), safu 4 za kadi 5. Ukuta ni wa matumbawe na lipu ya chokaa, na jua la asubuhi hufika hapo. Kadi zinazong'aa zishaanza kupinda. Naomba vipimo, na njia ya kuzuia unyevu.

FundiShela
Pimia toploda, usipimie kadi. Kadi ni kama mm 63 kwa 88, ila toploda ya kawaida ni kama mm 76 kwa 102. Tano ni mm 380; ongeza mm 10 baina yake na mm 10 kila pembeni, upate 440. Kwenda juu, reli moja (kijiti cha mbao chenye mfereji wa kusimamishia toploda) kila mm 125, jumla 500. Hiyo 125 ni reli 20, toploda 102, na nafasi ya mm 3. Ukiipunguza, toploda haitoki mferejini mpaka ung'oe reli ya juu.

Vifaa: plaiwudi ya mm 12, kipande cha 440 kwa 500 (usinunue shiti nzima, hiyo inatoa vipande 10). Mita 2 za mbao ya 20 kwa 15 kwa reli. Mita 2.2 za mbao ya 40 kwa 20 kwa fremu. Masalio ya mbambakofi au mninga kwa mafundi wa milango yanatosha kabisa. Mbao ya mwembe ni rahisi, lakini wadudu huipenda.

Mfereji uwe wa kina mm 5, na upana sawa na unene wa toploda ikiwa na kadi ndani, jumlisha mm 1, kwa kuwa mbao huvimba masika. Uchonge upande wa nyuma wa reli, kadi iegemee plaiwudi. Ukiwa mbele, kadi zote zitalalia kifuniko.

Vanishi ikikauka, iache fremu wazi wiki mbili au tatu kabla ya kutia kadi. Ikiwa bado inanuka, bado.

Maweni_Malindi
Vipimo sawa, fundi, ila ndugu yetu ameuliza unyevu. Kadi inayong'aa hupinda kwa sababu upande mmoja ni filamu na wa pili ni karatasi. Karatasi inanyonya maji na kutanuka, filamu haitanuki. Toploda iko wazi juu, kwa hiyo haizuii kitu.

Usiigandishe fremu ukutani. Matumbawe na chokaa hupitisha maji na chumvi. Weka vipande vya mbao vya unene wa mm 20 kwenye pembe nne za nyuma ili hewa ipite. Skrubu ziwe stenlesi. Za chuma cha kawaida zitatoa kutu na kuchora lipu. Toboa mpaka upite lipu uingie kwenye jiwe, kwani lipu peke yake humung'unyuka. Drili isiwe kwenye hali ya kugonga.

KadiLangoni
Shukrani sana. Kifuniko je, kioo au akriliki? Na nikiziba kabisa kwa silikoni?

Maweni_Malindi
Akriliki ya mm 3 yenye kinga ya miale ya urujuanimno, 480 kwa 540. Kioo cha ukubwa huo ni karibu kilo 2, akriliki haifiki kilo 1. Matundu yake yazidi skrubu kwa mm 2, maana akriliki hutanuka kwa joto na tundu lililobana hupasuka.

Silikoni usitie. Ukiziba siku ya mvua umefungia unyevu ndani, na kuvu itafuata. Tumia ukanda wa sponji wa milango, na pakiti za silika jeli (punje za kunyonya unyevu) ndani ya fremu. Zile za punje za rangi ya chungwa hugeuka kijani zikishiba, zitoe uzikaushe. Funga siku kavu za kaskazi.

FundiShela
Naongeza: kinga hiyo hupunguza tu kufifia kwa rangi. Jua la asubuhi likigusa, hamishia fremu ukuta mwingine. Na kama chumba kina zidaka (vishubaka vya ukutani), pima kina chake kwanza, huenda reli zikaingia humo bila fremu.