Mnatung'arishia taa kwa miezi mitatu kisha mnatutoza upya: hatua ya mwisho mnairuka kwa makusudi

Ndugu wanajukwaa,

Ninaandika nikiwa na hasira na sitaificha. Ndani ya mwaka mmoja nimelipia mara mbili kazi ya kung'arisha taa za mbele za gari langu, mara ya kwanza shilingi 40,000 na mara ya pili 50,000, katika gereji mbili tofauti za hapa Dar es Salaam, na mara zote mbili taa zimerudi kuwa na ukungu kabla miezi minne haijatimia, kwa kuwa hatua ya mwisho, yaani kupaka kinga mpya ya jua, haikufanywa. Gereji hizo sizitaji, kwa kuwa tabia hii imeenea na wala si ya watu wawili tu.

Gari ni Toyota IST ya mwaka 2004, na kama mengi yatokayo Japani yakiwa yameshatumika, lilifika taa zikiwa zimeanza umanjano kwa juu, pale jua linapopiga sana. Kijana wa gereji ya kwanza alipaka dawa nyeupe kutoka kwenye kopo lisilo na maandishi, akasugua kwa mashine kwa dakika kumi hivi, kisha akanionyesha kitambaa kilichogeuka njano kama kilichopakwa manjano. Nilifurahi. Sikujua kwamba nilichokuwa nikionyeshwa kwenye kitambaa kile ni mabaki ya kinga ya kiwandani, na kwamba nimelipa ili iondolewe bila kuwekwa nyingine mahali pake.

Kile tunachokiita kioo cha taa si kioo hata kidogo. Land Rover za zamani na Peugeot 504 zilikuwa na kioo cha kweli, ndiyo maana taa zake hazikugeuka njano hata gari likichakaa bodi nzima. Magari ya sasa yana plastiki iitwayo polikaboneti, ambayo ni nyepesi na haipasuki ovyo ikipigwa na kokoto, lakini haistahimili mionzi ya urujuanimno ya jua, na kwa sababu hiyo kiwandani hupakwa utando mwembamba na mgumu wa kuikinga. Utando huo ukiliwa na jua, mchanga na miaka, plastiki hubaki uchi. Anayeisugua ing'ae na kuiacha hivyo hivyo ameirudisha juani ikiwa haina hata kile kidogo kilichokuwa kimesalia.

Gereji ya pili walinitambia kwamba wao wanatumia mvuke wa kisasa. Walimimina kimiminika chenye harufu kali kwenye kikombe cha umeme chenye mdomo wa bomba, mvuke ukapitishwa juu ya taa, na papo hapo taa ikawa kama imetoka dukani. Mvuke ule huyeyusha ngozi ya juu ya plastiki hadi mikwaruzo ijizibe. Vimiminika vya kazi hiyo mara nyingi ni vya jamii ya kloroformu na diklorometheni, vitu vyenye madhara kwa anayevivuta, na kijana aliyekuwa akiifanya kazi hiyo hakuwa na barakoa, jambo ambalo nalo linaniudhi. Wiki kumi baadaye taa ya kushoto ilikuwa na nyufa nyembamba kama utando wa buibui, ambazo ukizipitishia ukucha unazisikia.

Niliporudi kulalamika niliambiwa kwamba jua la Dar ni kali. Ni kweli ni kali, na hiyo ndiyo sababu ya kuweka kinga! Fundi anayejua kwamba jua ni kali, akaacha kuweka kinga, kisha akalitumia jua lilelile kama kisingizio, anajua anachokifanya.

Msidhani nalilia urembo wa gari. Mwezi uliopita nilikuwa nikitoka Chalinze kuelekea Segera usiku, na taa zilikuwa zikitandaza weupe mbele ya boneti badala ya kufika mbali, kwa kuwa plastiki yenye ukungu hutawanya mwanga. Mwendesha baiskeli aliyebeba magunia mawili ya mkaa, asiye na taa wala kiakisi, nilimwona akiwa amekwisha kuwa karibu mno. Nilimkwepa, namshukuru Mungu. Kuna walionishauri nifunge balbu zenye wati nyingi zaidi, na ushauri huo ni mbaya: mwanga unaotawanyika ukiongezwa unampofusha anayekuja mbele, na joto lake laweza kuharibu taa kwa ndani. Tiba za nyumbani nazo si suluhisho: dawa ya meno hung'arisha kwa siku chache tu, na dawa ya mbu ya kupaka huyeyusha plastiki, basi.

Hatimaye fundi rangi mmoja mzee alinifanyia kazi nikiwa nimesimama pale pale. Alibandika tepu kuzunguka taa ili asikwaruze rangi ya bodi, akaanza na msasa wa maji namba 800, akapanda 1000 na 1500 zilizo laini zaidi, akibadilisha mwelekeo kila namba ili aone mikwaruzo ya msasa uliotangulia imekwisha. Maji yalichuruzika ya njano, yakawa meupe kama tui. Alifuta kwa spiriti, akaacha pakauke kabisa, ndipo akapuliza klia (rangi angavu ya juu) iliyochanganywa na hadina (dawa ya kuigandisha iwe ngumu), yenye kinga ya mionzi, tabaka jembamba mara mbili. Aliniambia kwamba klia ikipulizwa juu ya plastiki yenye mafuta ya dawa ya kung'arishia itabanduka kama ganda la kitunguu, na akanikataza kuosha gari mpaka ikomae. Alikuwa mkweli pia kuhusu taa ya kushoto: nyufa zilizoingia ndani hazitoki kwa msasa, na hiyo ilibidi niinunue nyingine.

Ninachodai ni kwamba anayetangaza kazi hii aseme wazi, kabla ya kupokea fedha, kama anaweka klia au hawezi. Kama hawezi, aite kazi yake usafi na atoze bei ya usafi. Nanyi wenye magari, msimruhusu mtu kugusa taa zenu kabla hajawaonyesha kopo la klia na la hadina kwa macho yenu.