Mshindi achukue vyote, uwiano, mseto au kura inayohamishika: upi unamtendea haki mpiga kura?

MzaniSawa (mwanzisha mada)

Wakuu, salamu. Naomba tulinganishe mifumo ya kuchagua wabunge, na ushabiki wa vyama tuuweke kando. Kinachonisumbua ni hiki: mtu amepanga foleni tangu alfajiri, amepiga kura, na mgombea wake ameshindwa. Kura ile inafanya kazi gani bungeni hadi uchaguzi mwingine?

Tazameni Uingereza mwaka 2024. Chama cha Labour kilipata asilimia 33.7 ya kura, kikaondoka na viti 411 kati ya 650. Reform UK walipata asilimia 14.3, wakaambulia viti 5. Liberal Democrats walikuwa nyuma ya Reform kwa kura, asilimia 12.2, lakini wakapata viti 72. Hakuna sanduku lililoibwa wala fomu iliyochakachuliwa. Kura za Reform zilitawanyika nchi nzima, za Liberal Democrats zikarundikana kwenye majimbo waliyoyalenga, basi. Ndiyo maana nasema hata uchaguzi safi kabisa unaweza kuzaa bunge lisilofanana na wananchi.

Ninayoiweka mezani ni mifumo minne: huu wa mbunge mmoja kwa jimbo, anayeongoza anashinda, uwiano kwa orodha za vyama, ambako chama kinapata viti kulingana na kura zake, mseto wa hiyo miwili, na ule wa kupanga wagombea kwa namba katika jimbo lenye wabunge kadhaa, yaani kura moja inayohamishika. Mimi naegemea huo wa mwisho, ila nataka kusikia hoja za kuupinga kutoka kwa watu waliofanya kazi ya uchaguzi.

KaraniWaKituo

Mkuu MzaniSawa, nimesimamia vituo, kwa hiyo nitaongelea pale ninapopajua. Mfumo wa anayeongoza anashinda una fadhila moja ambayo wasomi huipita haraka: hesabu inaisha palepale kituoni. Mawakala wanaona kila karatasi ikifunuliwa, wanasaini fomu, nakala inabandikwa mlangoni. Baada ya hapo mwananchi yeyote mwenye kalamu anaweza kujumlisha vituo vyote vya jimbo na kupata jibu lilelile la tume.

Kenya jambo hili lilifika Mahakama ya Rufani mwaka 2017, katika kesi ya Maina Kiai, na majaji wakaamua kwamba matokeo ya urais yakishatangazwa jimboni ni ya mwisho, kituo cha taifa cha kujumlisha kura hakina mamlaka ya kuyabadili. Uamuzi ule una maana kwa sababu kura za vituo zinajumlishika tu, moja jumlisha moja. Kura za kupangwa kwa namba hazijumlishiki hivyo. Huwezi kujua nani aondolewe kwanza mpaka karatasi zote za jimbo, au data yake, ziwe sehemu moja. Maana yake masanduku yasafiri. Na penye imani haba, safari ya sanduku ndipo ugomvi unapoanzia.

BintiMwafaka

Hoja ya karani ni nzito na nitairudia. Lakini tusisahau mfumo huo rahisi umewahi kuwasha moto. Lesotho, Mei 1998: chama cha LCD kilipata takriban asilimia 60 ya kura na kubeba viti 79 kati ya 80. Wapinzani wa BNP walikuwa na karibu robo ya kura zote za nchi. Walipata kiti kimoja. Kiti kimoja! Maandamano yakafuata, majeshi ya Afrika Kusini na Botswana yakaingia Septemba, na sehemu kubwa ya katikati ya mji mkuu, Maseru, ikateketea.

Walichofanya baadaye ndicho kinachonifanya niamini mageuzi yanawezekana. Uchaguzi wa 2002 waliufanya kwa mfumo mseto: viti 80 vya majimbo vikabaki kama vilivyokuwa, wakaongeza viti 40 vya kufidia, vinavyogawiwa ili jumla ya viti vya kila chama ikaribiane na kura zake. BNP walipata asilimia 22 na kitu, pungufu kidogo ya 1998. Safari hii wakapata viti 21. LCD waliendelea kutawala kwa wingi halali, hawakupokonywa ushindi. Kilichobadilika ni kwamba robo ya nchi ilikuwa na sauti ndani ya ukumbi.

FundiHesabu

Dada BintiMwafaka, umeishia 2002, na sehemu yenye funzo kubwa ipo 2007. Mpiga kura wa Lesotho alikuwa na karatasi mbili, moja ya mbunge wa jimbo na moja ya chama. LCD wakaona kwamba wakishinda majimbo mengi hawatapata viti vya kufidia, wakaungana na chama kidogo, NIP: majimboni wapigieni LCD, kwenye karatasi ya chama wapigieni NIP. LCD wakachukua majimbo 61, NIP wakachukua viti 21 vya fidia. Wapinzani wa ABC nao walifanya vivyo hivyo na chama cha LWP. Fidia yote ikapoteza maana, maana vyama viwili vilivyokuwa kitu kimoja vilihesabiwa kama wageni.

Dawa waliyoitumia 2012 ilikuwa karatasi moja: kura unayompa mgombea wa jimbo inahesabika pia kwa chama chake. Kwa hiyo anayependekeza mseto aseme ni mseto upi. Kuna mseto wa kufidia na kuna mseto ambao viti vya orodha vinajumlishwa juu tu, bila kurekebisha chochote. Huu wa pili unaitwa mageuzi, lakini mkubwa anazidi kuwa mkubwa.

New Zealand nao walianzia kwenye machungu kama hayo. Mwaka 1978 na 1981 chama cha Labour kilipata kura nyingi kuliko chama cha National, ila National wakapata viti vingi na kuunda serikali. Mwaka huo wa 1981 chama cha Social Credit kilipata asilimia 20.7 ya kura na viti 2. Wananchi wakauchagua mfumo mseto kwa kura ya maoni 1993, wakautumia kwa mara ya kwanza 1996, na walipoulizwa tena 2011 wakaubakiza.

KaraniWaKituo

Mseto wenye karatasi moja au mbili sina shida nao. Unajumlishika kituoni, fomu inabandikwa, mambo yanaonekana.

NgaoYaJimbo

Na orodha tupu za vyama je? Afrika Kusini ni rahisi kuliko mifumo yote mliyoitaja. Mwaka 2024 ANC walipata karibu asilimia 40 ya kura, wakapata viti 159 kati ya 400. Hesabu gani inayoshinda hiyo kwa usawa?

Msemakweli_T

Kwa usawa wa vyama, hakuna ubishi. Lakini ndugu NgaoYaJimbo, jiulize mbunge wa orodha analala akimfikiria nani. Aliyeamua awe namba 12 badala ya namba 112 ni uongozi wa chama. Mwananchi mwenye kero ya maji hajui amfuate yupi kati ya watu 400, na mbunge anayepinga msimamo wa chama anajua orodha ijayo itaandikwa na nani. Hili si dogo. Bunge linaweza kufanana na nchi kwa asilimia zote na bado likawa linamwogopa katibu mkuu wa chama.

Halafu kuna kizingiti, yaani asilimia ambayo chama kikishindwa kuifikia hakipati kitu. Uturuki waliweka asilimia 10. Mwaka 2002 vyama viwili tu vilivuka, kura za karibu asilimia 45 ya wapiga kura zikaangukia kwenye vyama vilivyobaki nje, na chama cha AKP kikapata viti 363 kati ya 550 kwa asilimia 34 ya kura. Mfumo uliitwa wa uwiano. Baadaye walikishusha hadi asilimia 7. Israeli kizingiti chao ni asilimia 3.25, bunge limegawanyika vipande vipande, na kati ya 2019 na 2022 walienda kwenye uchaguzi mara tano. Sisemi kizingiti kiwe namba fulani. Nasema jina la mfumo halitoshi, someni vifungu vidogo.

MzaniSawa

Hapa ndipo ninapotaka kuutetea ule wa kura inayohamishika, kwa sababu unajibu hoja ya Msemakweli moja kwa moja. Jimbo linakuwa kubwa kidogo, lina wabunge watatu hadi watano. Chama kinaweza kusimamisha watu kadhaa, na wewe unawapanga: 1, 2, 3 na kuendelea, hata ukichanganya vyama. Chama hakikupangii.

Tuseme jimbo lina viti 4 na kura halali 50,000. Unagawa kwa 5, unaongeza moja: 10,001. Anayefika hapo ameshinda, kwa sababu haiwezekani watu watano wote wafike. Akizidisha, ziada yake inahamia kwa chaguo linalofuata la wapiga kura wake. Asipofika mtu, wa mwisho anaondolewa na kura zake zinahamia vilevile. Kikundi chenye zaidi ya moja ya tano ya jimbo kina uhakika wa mtu mmoja kikishikamana, na kila mwananchi ana mbunge wa jimbo lake wa kumfuata, tena ana zaidi ya mmoja.

Ireland wameutumia tangu 1922. Waliokuwa madarakani walijaribu kuuondoa kwa kura ya maoni 1959, wakajaribu tena 1968. Wananchi walikataa mara zote mbili.

FundiHesabu

Mkuu, weka na Malta kwenye mizani. Mfumo huohuo, majimbo 13 ya viti vitano vitano. Mwaka 1981 chama cha Nationalist kilipata asilimia 50.9 ya kura za kwanza na viti 31, Labour wakapata viti 34 na serikali. Vita ya kisiasa ikawa kali hadi katiba ilipobadilishwa 1987, ili chama chenye zaidi ya nusu ya kura kiongezewe viti. Aliyechora mipaka ya majimbo bado ana mkono wake.

Ila nikubaliane nawe kwenye jambo moja kubwa. Ukitazama mifano yote ya hapa, kinachoamua usawa kuliko jina la mfumo ni idadi ya viti katika jimbo. Kiti kimoja, mmoja anapata na wengine wote wanakosa. Viti vitano, wachache wanapumua. Viti 200, uwiano unakaribia kukamilika lakini mbunge anapotea machoni pa mwananchi. Tatu hadi saba ndipo ninapoona nafasi nzuri.

KaraniWaKituo

Na kuhesabu? Sijajibiwa.

BintiMwafaka

Nilisema nitarudi. Ireland huhesabia kwenye ukumbi mmoja wa jimbo, na kazi inaweza kuchukua siku kadhaa. Watu wa vyama husimama nyuma ya kizuizi wakati karatasi zinafunuliwa, wananukuu chaguo la kwanza la kila sanduku kwa kalamu, na mara nyingi wanakuwa na picha ya matokeo kabla ya tangazo. Kwa hiyo uwazi upo, ila unahitaji mawakala waliofunzwa na watu wenye subira. Pasipo na hivyo, ningependekeza kura za chaguo la kwanza zihesabiwe na kubandikwa kituoni kwanza, ndipo karatasi zisafiri zikiwa na mawakala. Mtu akibadilisha kitu njiani, jumla ya chaguo la kwanza itamuumbua.

KaraniWaKituo

Jumla itamuumbua akibadili namba 1. Akichezea namba 2 na 3 haionekani. Bado nachagua mseto wa kufidia, mpaka imani ikomae.

Mlezi_Kura

Samahani kuwakatiza, na urais je? Kiti ni kimoja, uwiano utauweka wapi?

FundiHesabu

Urais ni swali jingine kabisa, na wengi wanayachanganya. Kiti kimoja hakigawanyiki, unachotafuta ni mtu anayekubalika kwa zaidi ya nusu. Malawi rais wa 2014 aliingia kwa asilimia 36.4. Februari 2020 mahakama ilipofuta uchaguzi wa 2019 ilitamka pia kwamba mshindi lazima apate zaidi ya nusu ya kura, na uchaguzi wa marudio uliofanyika Juni mwaka huo ukafuata sharti hilo. Vyama vya upinzani vikalazimika kuungana kabla, mshindi akapata karibu asilimia 59.

Duru ya pili nayo ina mtego wake. Ufaransa 2002, wagombea wa mrengo wa kushoto walikuwa wengi mno, wakagawana kura, mgombea wao mkuu, Jospin, akabaki nje kwa asilimia 16.18 dhidi ya 16.86 za Le Pen wa mrengo mkali wa kulia. Kupanga wagombea kwa namba kunapunguza tatizo hilo kwa siku moja ya kupiga kura. Papua New Guinea, ambako wabunge wengine waliwahi kuingia kwa chini ya asilimia 10 ya kura za jimbo, tangu 2007 mpiga kura hupanga watu watatu, na mgombea akapata sababu ya kwenda kuomba nafasi ya pili kwenye koo zisizo zake. Hilo mimi naliona ni faida kubwa kuliko hesabu yenyewe.

Msemakweli_T

Usiufanye dawa ya kila ugonjwa, ndugu. Uchaguzi wa meya wa Burlington, Marekani, 2009, karatasi zilionyesha mgombea Montroll angemshinda kila mpinzani wakisimama wawili wawili, lakini aliondolewa kabla ya hatua ya mwisho kwa kuwa namba 1 zake zilikuwa chache.

Mlezi_Kura

Asanteni. La mwisho kwangu ni mgombea asiye na chama. Kwenye orodha anaingilia wapi?

BintiMwafaka

Kwenye orodha anaumia. Afrika Kusini Mahakama ya Katiba iliamua 2020 kwamba kumlazimisha mtu apitie chama ni kinyume cha katiba, sheria ikabadilishwa, na 2024 wagombea binafsi wakaruhusiwa kwenye karatasi ya mkoa. Hakuna hata mmoja aliyepata kiti cha bunge la taifa. Mlango ulifunguliwa, lakini mtu mmoja anashindana na orodha nzima katika mkoa wa mamilioni ya watu. Ireland, kwenye majimbo yale ya viti vitatu hadi vitano, wabunge wasio na chama wapo kila uchaguzi, na mara kadhaa serikali imeundwa kwa kura zao.

MzaniSawa

Hapo BintiMwafaka umeniongezea sababu. Karani, naomba uandike hapa, kwa uzoefu wako, fomu ya kituo ingepaswa kuwa na nini ili hata namba 2 na 3 zisichezewe. Tukipata jibu la hilo, mimi na wewe hatuna tofauti kubwa.

KaraniWaKituo

Kila karatasi ipigwe picha kituoni mbele ya mawakala, ikiwa na namba ya kituo pekee bila kitu cha kumtambulisha mpiga kura, na kila chama kiondoke na nakala ya picha zote. Atakayebadilisha namba 3 njiani atakutana na picha ukumbini. Tatizo ni mpiga kura aliyenunuliwa, aliyeelekezwa apange wagombea kwa mfuatano wa ajabu ili karatasi yake itambulike kwenye picha. Kwa wagombea watano hilo ni gumu, kwa ishirini ni rahisi. Kwa hiyo mpiga kura apange watatu tu, kama Papua New Guinea, na picha zibaki kwa mawakala na mahakama, zisisambazwe. Kwa masharti hayo naweza kusaini fomu.