Mjadala: Ligi Kuu Bara irudi timu 14, au tatizo ni mishahara isiyo na dhamana?

Mleta mada

Wadau, naweka hoja mezani na naomba tuijadili kwa hesabu, tuweke ushabiki pembeni. Ligi yetu imeshapunguzwa mara mbili ndani ya muda mfupi: timu 20 hadi msimu wa 2019/20, kisha 18, na tangu 2021/22 ziko 16. Mwaka 2021 TFF (Shirikisho la Soka Tanzania) ilisaini na Azam Media mkataba wa haki za matangazo wa miaka 10, thamani yake Sh bilioni 225.6. Mwaka 2023 benki ya NBC wakaongeza udhamini wa miaka mitano wa Sh bilioni 32.6. Fedha za namna hii ligi haikuwahi kuziona. Lakini bado kila dirisha la usajili tunasikia klabu imefungiwa na FIFA kusajili, na kila msimu kuna wachezaji wanaogoma mazoezi kwa sababu ya mishahara.

Hoja yangu: tushuke hadi timu 14. Keki ni ileile, walaji wanapungua. Ukigawa bilioni 225.6 kwa miaka 10 unapata wastani wa bilioni 22.56 kwa mwaka. Hata tukichukulia kwamba zote zinaenda klabuni, jambo ambalo haliko hivyo, klabu 16 zinapata bilioni 1.41 kila moja na klabu 14 zingepata bilioni 1.61. Na viporo, yaani mechi zinazoahirishwa, vingepungua. Msimu wa 2025/26 timu zetu zote nne, Simba, Yanga, Azam na Singida Black Stars, zimeingia hatua ya makundi ya mashindano ya CAF (Shirikisho la Soka Afrika). Ratiba ya raundi 30 haina pumzi tena.

Kona ya Mkwakwani

Mkuu, umehesabu keki ukasahau mlango. Mapato ya mlangoni ni ya mwenyeji. Klabu ya mkoani ina mechi 15 za nyumbani, na zenye mapato ya kueleweka ni mbili tu: Simba akija na Yanga akija. Ukishusha timu hadi 14, hizo mbili zinabaki, sawa, lakini zile nyingine zinashuka kutoka 13 hadi 11, na hizo ndizo zinazouzia wafanyabiashara wa mji mabango na jezi. Mji unaocheza mpira wiki chache zaidi kwa mwaka unazidi kuwa mji wa kuangalia Simba na Yanga wa Kariakoo kwenye banda la video.

Halafu mechi zinashuka kutoka 240 hadi 182. Mwenye haki za matangazo alinunua mechi ngapi? Ukimpunguzia 58, ana haki ya kukuita mezani mshushe bei. Basi hiyo 1.61 yako haipo.

Mdau wa Nairobi

Naunga mkono hoja hii ya pili, na Kenya tuna ushahidi wake kwa upande wa kinyume. Mwaka 2017 ligi yetu ilipanuliwa kutoka timu 16 hadi 18, na SuperSport, waliokuwa na haki za matangazo, wakavunja mkataba wakitaja upanuzi huo huo. Agosti 2019 wadhamini SportPesa, kampuni ya kubashiri, nao wakaondoka baada ya mvutano wa kodi, na kufikia Novemba SoNy Sugar walikuwa wametolewa kwenye ligi kwa kushindwa kufika uwanjani mara tatu. Idadi ya timu si jambo la kuguswa katikati ya mkataba, iwe ni kupandisha au kushusha. Mkataba wenu unaisha 2031. Mjadala wa idadi uandaliwe kwa ajili ya mazungumzo ya mkataba unaofuata.

Mtaa wa Msimbazi

Mimi tatizo naliona kwingine. Tunataka Simba na Yanga wawabebe wengine. Mwaka 2022 Simba walisaini udhamini na kampuni ya kubashiri ya M-Bet wa bilioni 26.1 kwa miaka mitano, na Yanga na SportPesa bilioni 12.3 kwa miaka mitatu, kwa sababu wanajaza uwanja. Bingwa wa ligi alitengewa Sh milioni 500 kwenye mkataba wa 2021. Klabu inayoingia makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika haipungukiwi dola 700,000, ambazo ukizigeuza kwa Sh 2,500 ni bilioni 1.75, hata ikimaliza mkiani mwa kundi. Unamwambia nini kiongozi wa klabu kubwa kuhusu mgawo sawa wakati fedha yake kubwa haitoki kwenye ligi?

Daftari la Klabu

Ndugu yangu wa Msimbazi, umegusa penyewe japo umehitimisha tofauti na ninavyoona. Klabu kubwa hazitegemei ligi, kwa hiyo hazina haraka ya kuirekebisha. Ndogo zinaitegemea na hazina nguvu ya kuirekebisha. Tuitazame klabu ndogo kwa ndani. Nitatumia makadirio, kila mtu abadilishe tarakimu kadiri anavyojua klabu yake.

Wachezaji 25 kwa wastani wa Sh milioni 1.5 kwa mwezi ni milioni 37.5, yaani milioni 450 kwa mwaka. Benchi la ufundi na wafanyakazi, tuseme milioni 12 kwa mwezi, ni 144. Safari: msafara wa watu 28, malazi, chakula na posho Sh 90,000 kwa kichwa kwa siku ni milioni 2.52 kila siku. Klabu ya Mashujaa wakitoka Kigoma kuja Dar ni zaidi ya kilomita 1,200 kwenda tu, siku nne zinakwisha, na mafuta ya basi hayajaingia. Weka wastani wa milioni 9 kwa safari 15, ni 135. Mechi za nyumbani, yaani gari la wagonjwa, ulinzi na maandalizi ya uwanja, milioni 3 mara 15 ni 45. Usajili wa wachezaji wapya 12 kwa milioni 10 ni 120. Jumla milioni 894, kabla hujalipa pango la nyumba ya wachezaji na timu ya vijana.

Sasa angalieni kalenda, maana klabu zinafia hapo. Fedha za usajili zinatakiwa Julai na Agosti. Fedha za matangazo zinaingia kwa awamu ligi ikishaanza. Kiongozi anafanya nini? Anasajili kwa nusu: "chukua milioni tano sasa, tano nyingine Oktoba." Oktoba timu imefungwa mechi nne, anamfukuza kocha mwenye mkataba wa miaka miwili, analeta mwingine. Ana makocha wawili kwenye orodha ya malipo, mmoja hafundishi. Dirisha dogo, la katikati ya msimu, likifunguliwa anasajili tena ili asishuke, kwa sababu wawili wa mwisho wanashuka moja kwa moja, na wa 13 na wa 14 wanaingia mchujo wa kupigania kubaki. Hofu ya kushuka ndiyo inayotengeneza deni. Ukipunguza timu hofu haipungui, na ukiendelea kushusha idadi ileile kutoka kwenye timu chache zaidi inaongezeka.

Ninachopendekeza: kabla dirisha kubwa halijafungwa, kila klabu iweke dhamana ya mishahara ya miezi mitatu kwenye akaunti inayosimamiwa na Bodi ya Ligi pamoja na benki. Kwa mfano wangu mishahara ya mwezi ni 37.5 na 12, yaani 49.5, mara 3, yaani milioni 148.5. Mshahara ukichelewa siku 30, Bodi inamlipa mchezaji moja kwa moja. Klabu inapewa siku 60 kurudisha kilichotumika, ikishindwa haiingii dirisha dogo. Na jumla ya mishahara isizidi asilimia 70 ya mapato yaliyothibitishwa kwa mikataba. Ahadi ya mheshimiwa kwenye mkutano wa hadhara isihesabiwe.

Kifungu kwa Kifungu

Niongeze upande wa sheria, maana viongozi wengi wanashtuka barua ikishafika. Kanuni za FIFA za hadhi na uhamisho wa wachezaji, kifungu cha 14bis: mchezaji asipolipwa mishahara ya miezi miwili, anaiandikia klabu na kuipa angalau siku 15 ilipe yote. Zikipita, anavunja mkataba kwa sababu halali na kudai fidia. Baada ya uamuzi klabu ina siku 45 kulipa. Ikishindwa, inafungiwa kusajili hadi madirisha matatu mfululizo, na kifungo kinaondoka deni likilipwa. Riba, ambayo kwa kawaida ni asilimia 5 kwa mwaka, inaendelea kutembea.

Kosa linalojirudia ni klabu kutojibu. Barua inaingia kwenye mfumo wa kielektroniki wa FIFA, katibu amebadilishwa, nywila anayo katibu aliyeondoka, kesi inaamuliwa upande mmoja. Deni ambalo lingepangiwa awamu kwa kupiga simu moja linakuwa kifungo. Mchezaji mzawa naye anakwenda Kamati ya Sheria na Hadhi za Wachezaji ya TFF, na huko pia kutohudhuria hakujawahi kumsaidia mdaiwa.

Kuna pia fedha zinazoachwa. Mchezaji akiuzwa nje kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya ada hugawiwa klabu zilizomlea tangu mwaka aliotimiza miaka 12 hadi 23: asilimia 0.25 ya ada kwa kila msimu wa miaka minne ya kwanza, na 0.5 kwa kila msimu unaofuata. Klabu iliyokaa naye misimu mitatu akiwa na miaka 17 hadi 19, akauzwa dola milioni 1, inastahili dola 15,000. Tangu Novemba 2022 malipo haya yanapitia FIFA Clearing House, chombo cha FIFA cha kupitisha malipo, na yanategemea kumbukumbu za usajili zilizomo kwenye mfumo. Kijana aliyecheza misimu miwili bila kusajiliwa kielektroniki, misimu hiyo haitambuliki.

Mleta mada

Daftari, nakubali hesabu yako imenisogeza. Ila klabu inayosajili kwa nusu Julai haitakuwa na milioni 148.5 hiyo Julai. Ukiweka sharti hilo msimu ujao utabaki na timu saba. Utakuwa umepunguza ligi kuliko nilivyopendekeza mimi.

Daftari la Klabu

Ni kweli, ndiyo maana isianze kwa mkupuo. Bodi ikate kwenye mgawo wa matangazo wa kila klabu kwa misimu miwili, awamu 20 za takriban milioni 7.4. Mwisho wa msimu wa pili dhamana imejaa bila kiongozi kuugusa mfuko wake. Kikomo cha asilimia 70 kianze mara moja, kwa kuwa hicho hakihitaji fedha, kinahitaji mikataba iletwe mezani wakati klabu inaomba leseni ya kushiriki ligi.

Mtaa wa Msimbazi

Na Bodi yenyewe? Machi 8, 2025 iliahirisha dabi ya Simba na Yanga siku ya mchezo, ikachezwa Juni 25. Mwaka 2022 kampuni ya GSM walijiondoa kwenye udhamini mwenza wa ligi miezi michache tu baada ya kusaini, Simba wakiwa wamekataa kuvaa nembo yao. Chombo ambacho hakikuweza kuzifanya klabu 16 zikubaliane juu ya nembo moja, mnakipa akaunti ya mishahara?

Kifungu kwa Kifungu

Nembo ilikwama kwa sababu klabu hazikushirikishwa kabla ya kusaini. Akaunti ya dhamana iwe na saini tatu: Bodi, benki, na mwakilishi wa wachezaji. Bodi peke yake isiweze kutoa hata shilingi.

Kona ya Mkwakwani

Mnasahau klabu za halmashauri. KMC ya Kinondoni, Dodoma Jiji, Mbeya City na Pamba Jiji zinaishi kwa bajeti inayopitishwa na madiwani, na mwaka wake wa fedha unaanza Julai 1. Mkurugenzi hawezi kuweka dhamana isiyo na kifungu kwenye bajeti, mkaguzi atamhoji. Kwa hiyo kanuni hii ikitaka kuzigusa, lazima iwafikie kabla vikao vya bajeti havijafungwa. Ikitangazwa Agosti pamoja na ratiba, klabu nne zitakuwa nje ya sheria siku ya kwanza bila kosa lao. Nani kati yenu anaweza kuandika rasimu na kuifikisha kwa Bodi kabla ya Januari?