Mrejesho: chumba cha jenereta, Unimog 404 ya redio

Wakuu, niliuliza kama sakafu iliyoliwa na kutu ya chumba cha jenereta kwenye Unimog 404 yangu (lori la zamani la kijeshi la Mercedes-Benz, lenye kibanda cha redio nyuma) ipakwe rangi tu au ikatwe. Asanteni mliosisitiza ikatwe: bisibisi ilipenya hadi nje. Fundi wa hapa Ujerumani amechomea bati jipya, na raba za kuzuia mtikisiko tumebadilisha zote, za zamani zilikuwa ngumu kama mfupa.

Ekzosi ndiyo niliyoihangaikia zaidi. Mwendesha redio hukaa upande wa pili wa ukuta wa chumba hicho, na kaboni monoksidi, gesi ya sumu iliyomo kwenye moshi wa injini, haina harufu, kwa hiyo kila kiungo kimezibwa upya. Kitambaa kilichozungushiwa bomba kilipimwa maabara, kikakutwa na asbesto, nyuzi za madini zinazodhuru mapafu. Kimetolewa na wenye kibali. Jenereta inawaka vizuri. Zimebaki nyaya za volti 24.