Presha ya Bibi na futari ya Jumamosi: gumzo la Majirani wa Magomeni

*Jumatatu jioni*

Zuhura: Asalaam alaykum. Na Tumsifu Yesu Kristo kwa majirani walio kwenye Kwaresma. Shikamooni wakubwa zangu. Naomba msaada. Bibi yangu, Bi Mwajuma, tangu mfungo uanze ameviweka vidonge vyake vya presha kabatini, anasema mpaka Idi. Leo tangu alasiri analalamika kichwa kinamgonga kisogoni. Nani ana mashine ya presha hapa karibu?

Mama Neema: Milele Amina mwanangu. Pole sana. Ya kwetu imeisha betri, namtuma Neema dukani sasa hivi.

Mama Kulwa: Marahaba Zuhura. Ninayo kwenye mkoba. Natoka zamu, nimeshashuka mwendokasi hapa Mapipa, nakuja moja kwa moja kwenu. Bibi asinywe kahawa kabla sijafika. Akae ametulia tu, na kama ana haja ndogo aende kwanza.

Ustadhi Hamisi: Allah amjalie wepesi mama yetu. Tutamwombea kwenye tarawehe.

Mama Neema: Amina. Na sisi jumuiya tutamtaja kwenye sala.

Mama Kulwa: Nimempima. Bibi mwenyewe kaniruhusu niandike hapa. Ya kwanza 172 kwa 100. Tukakaa dakika tano bila kuongea, mgongo umeegemea kiti, miguu yote miwili chini, mkono juu ya meza usawa wa moyo. Ya pili 166 kwa 98. Kifua hakimbani, anaona vizuri, anaongea vizuri, uso na mikono havijalegea. Nimempigia daktari wake wa kliniki, kasema anywe kidonge chake usiku huu na kesho asubuhi afike kumwona. Amekinywa mbele yangu. Zuhura lala naye chumba kimoja. Akianza kusema kwa kuburuta maneno, au mkono mmoja ukikosa nguvu, au kifua kikimbana, usisubiri asubuhi. Bodaboda siyo, mtafutie gari mumpeleke hospitali hapo hapo.

Zuhura: Sawa mama. Ahsante sana. Mungu akulipe.

Baba Kulwa: Gari ipo. Funguo naziweka mezani, mnigongee saa yoyote.

Juma wa Genge: *[Ujumbe uliosambazwa mara nyingi]* Punje saba za kitunguu saumu, malimao matatu, tangawizi na asali. Chemsha, kunywa wiki moja, presha kwisha kabisa na dawa za hospitali unatupa. Watumie watu kumi uokoe maisha.

Mama Kulwa: Juma mdogo wangu, najua umetuma kwa mapenzi. Kitunguu saumu na tangawizi ni chakula kizuri, Bibi aendelee kuvitia kwenye mchuzi. Lile neno la mwisho ndilo linaloua watu, hilo la kutupa dawa. Presha kwa wengi haina dalili yoyote. Mtu anaacha vidonge, wiki inapita anajiona mzima, anasema kumbe nimepona. Presha iko palepale inachosha mishipa ya kichwa, figo na moyo. Wodini tunapokea watu wenye kiharusi, na ukimuuliza mwanawe anakwambia, “Mama alikuwa anatumia dawa, akaacha alipopata nafuu.” Nimelisikia neno hilo mpaka linanitoa machozi. Naomba ujumbe huo usitoke humu kwenda kwingine.

Juma wa Genge: Nimeelewa dada. Naufuta.

*Jumanne asubuhi*

Bi Mwajuma: Wanangu nimeamka salama, alhamdulillahi. Kichwa kimepungua. Nataka mnielewe. Mimi nimefunga tangu sijavunja ungo, kule kwetu Rufiji. Ramadhani ni mgeni wangu. Anakuja mara moja kwa mwaka, na kwa umri wangu sijui kama tutaonana tena. Vidonge vyangu kimoja asubuhi kimoja mchana. Nikivimeza nimefungua. Sikuacha kwa ubishi. Niliona bora niugue kidogo kuliko kukaa nakula mchana watu wakiwa wamefunga. Ustadhi, mwanangu, niambie kweli.

Ustadhi Hamisi: Shikamoo Bi Mwajuma. Nakuambia kwa moyo wote. Sura ileile inayotuamrisha kufunga, Al-Baqara, aya ya 185, imetaja mgonjwa na msafiri kwamba watalipa siku nyingine, na ikasema Mwenyezi Mungu anatutakia wepesi, hatutakii uzito. Aya ya 184 kabla yake ndiyo wanavyuoni wanayoitegemea kwa asiyeweza kabisa: analisha masikini kwa kila siku. Kwa hiyo mgonjwa anayekula kwa ruhusa ya Mola wake, hiyo ni ibada pia. Ila kabla hatujafika huko, muulize daktari kama dawa zako zinaweza kuhamia usiku. Huenda funga yako ikabaki na dawa zikabaki. Na kupimwa presha hakufunguzi, usiogope mashine.

Bi Mwajuma: Marahaba mwanangu. Hapo umenituliza.

Mama Neema: Bibi, hata kwetu Wakatoliki ni hivyo hivyo. Sheria ya kufunga inamshika mtu kuanzia miaka 18 mpaka anapotimiza 59, na siku zenyewe zilizoamriwa ni Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu. Mgonjwa haimgusi. Mama yangu mzazi paroko ndiye aliyemwambia ale. Akawa kila siku anasali rozari na kupeleka chakula kwa mgonjwa wa jirani. Ndiyo ilikuwa Kwaresma yake.

Mzee Kondo: Mwaka huu wa 2026 Ramadhani na Kwaresma zimekutana wiki moja, Majivu ilikuwa 18 Februari na mwezi ukaandama hapo hapo. Mwaka 1993 ilikuwa vivi hivi. Nakumbuka mtaa mzima mchana majiko yalikuwa baridi. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa siku kumi au kumi na moja, ndiyo maana Ramadhani inazunguka. Zikikutana hivi mimi hupenda sana. Sasa Mama Kulwa, na sisi wa sukari? Mimi nachoma sindano, na wanangu wananikataza kujitoboa kidole mchana.

Mama Kulwa: Shikamoo mzee. Kujitoboa kidole hakuharibu funga, Ustadhi atanisahihisha. Jitoboe, tena mara kadhaa kwa siku. Sukari ikishuka chini ya 3.9 mmol/L, fungua palepale hata kama imebaki nusu saa kwa adhana. Ikipanda juu ya 16.6, fungua pia. Ukianza kutetemeka, kutoka jasho la baridi au kuchanganyikiwa, usisubiri hata kipimo. Weka tende na maji pembeni yako. Na anayechoma sindano anatakiwa apangiwe upya dozi na daktari kabla ya kufunga. Umeenda?

Mzee Kondo: Bado.

Mama Kulwa: Basi leo panda gari moja na Bibi. Baba Kulwa anawapeleka. Mpaka umwone daktari, usifunge, mzee wangu. Nakuomba.

Mzee Kondo: Haya. Nimekusikia mwanangu.

Ustadhi Hamisi: Kuhusu kidole yuko sahihi. Tone la damu halifunguzi.

*Jumanne mchana*

Zuhura: Tumetoka kliniki. Bibi amebadilishiwa. Kidonge kikubwa sasa ni kimoja kwa siku, amlodipine, anakinywa baada ya futari kwa sababu kinafanya kazi saa 24. Kile cha kupunguza maji mwilini daktari amekisimamisha kwanza, kasema na joto hili la nyuzi 32 na kitu mtu hanywi maji tangu alfajiri, kinaweza kumkausha. Anapima asubuhi na jioni, tunaandika kwenye daftari, wiki ijayo tunarudi. Akifika 180 au akijisikia vibaya, anafungua na tunampeleka. Bibi amekubali mwenyewe mbele ya daktari.

Mama Kulwa: Safi sana. Na wengine humu msihamishe dawa zenu kwa kusoma ya Bibi. Kila mtu na daktari wake.

Zuhura: Mzee Kondo naye kaambiwa mwaka huu asifunge, sukari yake inapanda na kushuka mno. Njia nzima alikuwa kimya.

Bi Mwajuma: Kondo, usihuzunike baba. Mimi na wewe tutapika fungu la masikini pamoja. Na uje barazani baada ya alasiri, unichambulie ukindu. Nimeshauchemsha na rangi ya zambarau, uko kwenye beseni la maji unalainika. Nataka ukili ufike pima kumi kabla ya Idi nishone mkeka wa msikitini. Mikono ikiwa na kazi saa za mwisho zinakwenda upesi, kiu husikii.

Mzee Kondo: Nitakuja. Mama yangu alinifundisha kusuka, vidole havijasahau.

Baba Kulwa: Wenzangu wa jogging na mimi tumeacha kukimbia alfajiri mwezi huu. Tunatembea taratibu nusu saa kabla ya adhana, kutoka hapa mpaka kituo cha Usalama na kurudi. Mzee karibu na wewe, ila uwe na tende mfukoni.

*Alhamisi jioni*

Mama Neema: Jamani, lile wazo la Jumamosi. Ijumaa tuna Njia ya Msalaba, Jumamosi asubuhi jumuiya, jioni tuko huru. Futari kwangu, watu wote wa mtaa, wanaofunga Ramadhani na sisi wa Kwaresma. Ustadhi aadhini pale pale uani.

Ustadhi Hamisi: Tumekubali kwa furaha. Magharibi ni kama saa kumi na mbili na dakika arobaini.

Mama Kulwa: Nina ombi moja la chumvi. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, hiyo ni kijiko kimoja cha chai cha kusawazisha, na humo imo ya mkate, ya mchuzi, ya kila kitu. Vile vidonge vya kuungia mchuzi vimejaa chumvi, vikae dukani. Muhogo wa nazi ukiwa na tui zito, kitunguu, pilipili mbuzi nzima juu na ndimu wakati wa kula, chumvi utaitia ya kuonja tu na hakuna atakayeiulizia. Kaimati shira yake iwe pembeni, Mzee Kondo asipakuliwe nayo.

Mama Neema: Nimeandika. Uji wangu wa pilipili manga nitaugawa, sufuria moja bila sukari kabisa.

Juma wa Genge: Muhogo, magimbi na ndizi mbichi nitaleta mimi kutoka gengeni. Ndimu pia. Msinilipe, hii iwe sadaka yangu.

Bi Mwajuma: Mwenyezi Mungu akuzidishie Juma. Presha yangu leo jioni 148 kwa 88, Zuhura ameiandika.

Mama Kulwa: Alhamdulillah Bibi! Inashuka taratibu, ndivyo tunavyotaka. Ikiendelea hivi, wiki hizi mbili huenda ikakaa chini ya 140 kwa 90.

Mama Neema: Mungu ni mwema. Sasa nazi ninazo nane, ila mbuzi yangu imevunjika meno. Nani ana nzima?

Zuhura: Ya Bibi ipo. Naileta Jumamosi saa tisa, na nitakuna mimi.