Tupeane uzoefu: Siku uliyoichukulia chuku ya Kiingereza kuwa kweli tupu

Mwana wa Mkomani (mwanzilishi wa mada)

Asalamu aleikum, ndugu zangu. Ninafanya kazi ya mapokezi katika nyumba ya wageni hapa Lamu, mtaa wa Mkomani, na Kiingereza ninakitumia kutwa kucha, lakini lililonipata mwezi wa Februari limenionyesha kwamba nilikuwa ninakijua nusu. Ilikuwa saa nane mchana, upepo umelala na joto limeshika, mgeni aliyekuwa juu darini aliponitumia ujumbe wa simu: "I am literally dying up here." Skuli tulifundishwa kwamba "literally" ni neno la kuthibitisha kuwa jambo linasemwa kama lilivyo, bila kupambwa, kwa hiyo nikauamini ujumbe ule herufi kwa herufi. Nilipanda ngazi mbili mbili, na kijana wetu nikamtuma mbio kwa jirani ambaye ni muuguzi, naye akaja na mashine ya kupimia presha huku unga wa mahamri ukiwa bado mikononi. Tulimkuta mgeni amejilaza chini ya makuti, kitabu kifuani, akitutazama kwa mshangao. Alichotaka ni feni.

Jioni yake nilifanya utafiti mdogo, nikaona kwamba kamusi kubwa ya Oxford inayatambua matumizi hayo ya kukazia usemi, na kwamba mfano wa zamani inaoutoa ni wa 1769, kwa hiyo hata vijana wa leo hatuwezi kuwabebesha lawama. Yeyote aliyepatwa na jambo la namna hii naomba atusimulie.

Nahodha wa Shela

Waaleikumu salamu. Mimi, ndugu yangu, kilichonitaabisha si chuku bali kukosekana kwake. Niliwachukua Wamarekani kwenda Manda Toto kutazama samaki, na kwao kila kitu kilikuwa "amazing": maji, matumbawe, changu wa kuchoma, hata chai niliyoimwaga nusu kwa sababu ya mawimbi. Siku ya pili nikamchukua mzee mmoja wa Kiingereza njia ile ile, nikamchomea changu wale wale, naye aliposhuka gatini akaniambia kwa sauti ya chini kwamba safari ilikuwa "quite good". Nililala na huzuni, nikijiuliza nimemkosea wapi, maana nilijua kwamba Mwingereza akilitanguliza neno "quite" mara nyingi huwa anaipunguza sifa, ilhali Mmarekani huwa anaiongeza. Alfajiri nikamkuta mzee ameketi kwenye ngazi za gati, amekuja kuikodi mashua kwa siku tatu nyingine.

Tangu siku hiyo maneno ninayabadilisha kama fedha za kigeni: la Mmarekani ninalikata nusu, la Mwingereza ninaliongeza robo. Ninakiri kwamba hesabu yenyewe si kamili, kwani nimewahi kumbeba Mwingereza aliyesema "quite good" na asirudi tena.

Maalim wa Malindi

Nahodha amegusa jambo ambalo mimi hulisomesha. Maneno ya kukuza mambo katika Kiingereza yamechakaa kwa kutumiwa sana. "Awful" zamani lilihusu kitu cha kutia hofu ya heshima, kama mtu anavyohisi mbele ya Mola wake, na leo linaelezea wali ulioungua. "Terrific" lilikuwa la kutisha, sasa ni la kusifia. Neno moja likishalegea, wasemaji hulazimika kutafuta jingine lenye nguvu zaidi, nalo hulegea vilevile.

Hata majina ya fani yenyewe yana picha ndani yake. "Hyperbole" limetoka katika Kigiriki, na asili yake ni kutupa kitu kikapita mbali. "Exaggerate" ni la Kilatini, nalo ni kurundika. Sisi tunasema kupiga chuku, na chuku ni ile pembe ya kuumikia. Mgiriki anatupa, Mrumi anarundika, sisi tunafyonza.

Uzoefu wangu ni wa aibu. Kwa miaka sita nilikuwa ninalitamka neno hilo la Kigiriki kana kwamba mwisho wake ni jina la Kiingereza la bakuli, mpaka siku alipokuja mkaguzi darasani na kuninong'oneza kwamba lina silabi nne: hai-pa-bo-li. Wanafunzi wa dawati la mbele walimsikia.

Binti wa Sheria, Malindi

Shikamoo, Maalim. Kwetu wanasheria swali ni lini chuku inakuwa ahadi. Kesi tunayoanza nayo ni ya Bi Carlill, Uingereza, ambapo kampuni ya Carbolic Smoke Ball ilitangaza kwamba itamlipa pauni 100 yeyote atakayetumia dawa yake kama ilivyoelekezwa kisha akashikwa na homa ya mafua. Bi Carlill alitumia, akashikwa, akadai. Kampuni ilijitetea kwamba yale yalikuwa maneno ya kunogesha biashara tu, lakini mwaka 1892 Mahakama ya Rufaa iliukataa utetezi huo, kwa sababu tangazo lenyewe lilisema kuwa pauni 1,000 zimewekwa benki kuonyesha kwamba kampuni haitanii.

Mimi niliuziwa kifuniko cha simu kilichoandikwa kwa Kiingereza kwamba hakivunjiki kamwe. Kilianguka kutoka kwenye tuktuk, kikavunjika pamoja na simu. Nilimrudia muuzaji nikiwa na Bi Carlill moyoni, akanijibu kwamba hiyo ni lugha ya dukani, na kwa kuwa sikuona popote alipoahidi malipo wala kuweka fedha benki, niliaga nikaondoka.

Mwana wa Mkomani

Ahsanteni nyote. Leo asubuhi mgeni mwingine ameandika katika daftari la wageni kwamba mahamri yetu ni bora kuliko yote ulimwenguni. Nilimsomea mpishi wetu kwa Kiswahili, nikitaraji atafurahi. Aliendelea kusukuma donge lake, kisha akauliza, "Kwani ya Malindi ameshayala?"