Dereva kortini, na sosiete je?

MWENYE MADA (Ruashi): Wana-Lubumbashi, naleta swali. Kampuni inapohatarisha maisha ya wafanyakazi na majirani, ishtakiwe yenyewe kwa jinai, au tuendelee kumtafuta mtu mmoja wa kubebeshwa msalaba?

Kodi yetu ya adhabu (kodi hapa ni kitabu cha sheria, si ushuru) ni ya 1940. Anayeua bila kukusudia, kwa kukosa tahadhari, anafungwa miezi 3 hadi miaka 2. Lakini kodi hiyo inamlenga binadamu, sosiete, yaani kampuni, haimo. Wabelgiji waliotuachia kodi hiyo walirekebisha ya kwao 1999, na leo kampuni ya Bruxelles inaweza kupandishwa kizimbani. Sisi tumebaki tumevaa nguo waliyoivua.

Mnakumbuka Februari 2019, lori la asidi lilipoua karibu watu 20 pale Kabwe, upande wa Kolwezi. Watu waliuliza kwanza dereva yuko wapi. Na lori lilikuwa la sou-traitant, kampuni ndogo iliyopewa kazi na kampuni kubwa. Nani alimchagua msafirishaji, nani alipanga bei na muda wa safari, nani alikagua breki? Hayo hayajibiwi na mtu mmoja mwenye usukani.

KAMPEMBA: Yaya, Kodi ya migodi iliyorekebishwa 2018 inasema mwenye kibali analipa madhara hata kama hakukosea. Jinai ya nini tena?

MWENYE MADA: Kulipa ni jambo jingine. Kesi ya madai unaibeba mwenyewe: kupima maji, vipimo vya damu, nauli za mashahidi, avoka (wakili). Nani huko mtaa wa Katuba ana pesa hizo? Ya jinai, kazi ya kutafuta ushahidi ni ya parke, ofisi ya mwendesha mashtaka. (Najua parke zetu zilivyo, msinikumbushe.)

KATUBA: Mimi napinga. Waingereza wana sheria hiyo tangu 2007. Kampuni ya kwanza kuhukumiwa, mwaka 2011, ilikuwa na wafanyakazi 8 tu. Kijana wao alifukiwa na udongo akiwa ndani ya shimo la utafiti. Faini pauni 385,000, ilipwe kwa miaka 10. Hapa kwetu atakayenaswa ni mwenye atelie ya kuchomelea vyuma kule mtaa wa Kenya, hapahapa Lubumbashi. Mgodi mkubwa una idara ishirini, kosa linapotelea humo.

MWENYE MADA: Hoja nzito, na ndiyo sababu sitaki tunakili ya Waingereza, inayodai kosa kubwa litokane na namna wakuu walivyoendesha shughuli. Kanada, baada ya mgodi wa Westray kuua watu 26 mwaka 1992, walitunga sheria iliyoanza kutumika 2004: matendo ya wawakilishi kadhaa wa kampuni yanaweza kujumlishwa yakawa kosa moja. Idara ishirini hazisaidii tena sana, ingawa huko nako mwendesha mashtaka bado ana kazi ya kumwonyesha mkubwa aliyezembea.

ANNEXE: Ninyi mnaongea Kanada. Novemba 2025 maji machafu ya sosiete yalifurika huku kwetu, waziri akaifunga miezi 3. Sawa. Lakini jurnalie, kibarua wa kutwa, halipwi siku asiyofanya kazi. Mkiadhibu sosiete mnamwadhibu nani?

MWENYE MADA: Mama, hilo ndilo linalonisumbua zaidi. Ila ile ilikuwa amri ya waziri, si hukumu, na kinachofungwa kwa amri kinafunguliwa kwa amri. Sheria ikiandikwa vizuri, hakimu ataamuru mishahara iendelee wakati wa kufungwa, jurnalie wakiwemo, na faini ihesabiwe kwa mauzo ya mwaka. Na direkta aliyeonywa akanyamaza ashtakiwe pamoja na kampuni, asijifiche nyuma yake. Mimi ningeanzia kwenye barua: mkaguzi wa kazi akiiandikia sosiete kwamba mahali fulani pana hatari, nakala iingie parke siku hiyohiyo na ipewe namba. Mtu akifa pale, hakuna wa kusema hatukujua.

KAMPEMBA: Na huyo mkaguzi atafika mgodini kwa gari la nani, la sosiete?

KATUBA: Na chakula cha mchana atakula wapi.